Ukuta wa sikio ubaki au uondoke? Umbali wa nyumbani nao uhesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji aliyelalamika majuma mawili yaliyopita kuhusu mdogo wake, ambaye alipasuliwa sikio lililokuwa likitoa usaha tangu utotoni, akarudi nyumbani Mpwapwa na tundu pana kuliko alilokwenda nalo. Hoja ya msomaji huyo ilikuwa kwamba upasuaji wa namna hiyo umepitwa na wakati, kwamba penye hospitali kubwa ukuta wa njia ya sikio, ule wa mfupa unaoitenga na mfupa wa nyuma ya sikio, huachwa ulivyo, na kwamba sisi watu wa mikoa ya kati tunapewa upasuaji wa wanyonge. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo hapa Dodoma, kabla ya kustaafu na kurudi Kongwa. Nimewapa madaktari vifaa katika upasuaji wa aina zote mbili, wa kuuacha ukuta na wa kuuondoa, na baadaye nikawahudumia wagonjwa hao hao kliniki walipokuja kusafishwa masikio. Mimi si daktari bingwa na sitajifanya kuwa, ila naona msomaji huyo amekosea katika jambo moja na amepatia katika jingine, na lile alilopatia ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sikio linalotoa usaha si ugonjwa mmoja. Lipo lile ambalo ngoma yake imetoboka katikati, linalochuruzika ute kila mtoto anaposhikwa na mafua au anapooga lamboni, kisha likakauka, kisha likaanza tena. Hilo ni kero na hupunguza usikivu, lakini kwa kawaida haliui. Hutibiwa kwa kulikausha na kuliwekea dawa ya matone kama siprofloksasini, na likishatulia daktari anaweza kuiziba ngoma kwa kipande cha utando kinachotolewa juu ya msuli wa panja. Lipo na lile jingine, ambalo tundu lake liko ukingoni au juu kabisa mwa ngoma, na usaha wake ni kidogo lakini unanuka kiasi kwamba mtoto hukosa wa kukaa naye dawati moja. Ndani ya sikio hilo, ngozi ambayo mahali pake ni nje imevutwa ikaingia sikio la kati, na kwa kuwa ngozi haiachi kujibandua, mabaki yake hurundikana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Mjerumani Johannes Müller aliupa uvimbe huo jina la kolesteatoma mwaka 1838, jina linaloashiria mafuta, na limedumu hadi leo ijapokuwa ukiupasua hukuti mafuta bali ngozi iliyopotea njia.

Ubaya wake ni kwamba unakula mfupa. Mara nyingi huanza na vile vifupa vitatu vinavyopeleka sauti ndani, na hasa mguu mrefu wa fuawe, ndiyo maana mgonjwa huanza kuongeza sauti ya redio. Ukiendelea hufikia mfereji wa mfupa inamopita neva ya uso, na asubuhi moja mtu huamka jicho halifumbi na mdomo umekwenda upande. Hutoboa pia mfereji wa sikio la ndani unaoshughulika na usawa wa mwili, kisha mgonjwa hupata kizunguzungu kila akigusa sikio. Dari inayotenganisha sikio na ubongo ni bamba jembamba sana la mfupa, na nyuma yake upo mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani; ugonjwa ukivuka hapo tunazungumzia homa ya uti wa mgongo, jipu la ubongo, au damu iliyoganda ndani ya mshipa huo pamoja na homa ya kutetemeka inayopanda na kushuka, ambayo kijijini huitwa malaria mpaka kipimo kikatae. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2004 kwamba watu wenye masikio yanayotoa usaha sugu duniani ni kati ya milioni 65 na milioni 330. Wengi wao si wa Ulaya.

Niseme jambo dogo pembeni, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi mno. Baadhi ya wazee wetu wa Kigogo huamini kwamba usaha wa sikio ni adhabu ya ndewe iliyotogwa vibaya. Ndewe hutobolewa katika ncha ya sikio, nayo haina njia yoyote ya kufika sikio la kati. Na wale wanaosema sikio la kufa halisikii dawa, wakaacha kumpeleka mtoto hospitali, wanasahau kwamba sikio hilo haliendi peke yake.

Sasa nije kwenye ukuta. Njia ya sikio, kutoka nje hadi ngomani, imetenganishwa na mfupa wa mastoidi, ule unaoupapasa nyuma ya sikio, kwa ukuta wa mfupa ulio upande wa nyuma. Mara nyingi kolesteatoma huwa imetanda pande zote mbili za ukuta huo. Daktari anaweza kuchimba mastoidi kwa drili kutoka nyuma, akaingia pia kwa mbele kupitia njia ya sikio, akautoa ugonjwa pande zote huku ukuta umesimama, mfano wa fundi anayefanya kazi kupitia madirisha mawili bila kubomoa kilicho kati yake. Mgonjwa wa namna hii hubaki na sikio lenye umbo la kawaida, huweza kuoga bila hofu kubwa baada ya kupona, na akihitaji kifaa cha kusaidia kusikia kinamkaa vizuri. Au daktari anaweza kuushusha ukuta huo hadi usawa wa neva ya uso, mastoidi na njia ya sikio vikawa pango moja, kisha akalipanua tundu la nje kwa kukata sehemu ya gegedu ili pango lipate hewa na liweze kuonekana hadi mwisho wake. Hilo ndilo tundu ambalo msomaji wako alilistaajabia. Upana wake si uzembe. Ni sehemu ya tiba, na pango lenye mlango mwembamba ni balaa.

Ubishi juu ya njia hizi mbili haukuanzia Dodoma wala hautaishia hapa. Hermann Schwartze na msaidizi wake Eysell walieleza mwaka 1873 namna ya kufungua mastoidi ili kutoa usaha, na kabla karne hiyo haijaisha wenzao wa Ujerumani walikuwa wakiushusha ukuta na kutoa kila kitu, kwa kuwa enzi hizo hapakuwa na antibiotiki na lengo lilikuwa uhai tu. Hadubini ya upasuaji ilipoenea katika miaka ya 1950 ndipo mikono ikapata macho ya kutosha kufanya kazi nyuma ya ukuta bila kuuvunja, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo njia ya kuuacha ikapata wafuasi wengi. Tangu hapo mabingwa wamegawanyika, na waliogawanyika ni watu wenye vifaa vyote. Kwa hiyo si kweli kwamba njia moja ni ya zamani na nyingine ni ya kisasa. Zote zinafanyika leo katika hospitali zilizo bora kabisa, mara nyingine na daktari yule yule ndani ya juma moja.

Kinachoamua, kwa nilivyoona, huanza na ugonjwa wenyewe. Mgonjwa akiletwa na jipu la ubongo au homa ya uti wa mgongo, swali la ukuta halina nafasi siku ya kwanza. Anaanzishiwa antibiotiki za mshipa, anapigwa picha ya CT, na daktari wa upasuaji wa ubongo anaitwa ikiwa usaha unahitaji kutolewa. Sikio hufuata hali ikiruhusu, au hufanyiwa kazi wakati huo huo ikiwa mgonjwa anastahimili dawa ya usingizi ndefu. Picha ya CT humwonyesha daktari mfupa ulioliwa: dari, njia ya neva, mfereji wa usawa. Haimwambii vizuri kama kilichojaa humo ni kolesteatoma, usaha au nyama laini ya uvimbe, hivyo mara nyingi uamuzi wa mwisho hufanyika mezani. Mastoidi iliyokaza na kuwa ndogo, kama ilivyo kwa wengi waliougua tangu utotoni, haitoi nafasi ya kufanya kazi nyuma ya ukuta. Mfereji wa usawa uliotoboka, neva iliyo uchi, ugonjwa uliotanda hadi pembe zisizoonekana, au sikio ambalo ndilo pekee linalosikia, yote hayo humsukuma daktari kuushusha. Mtoto mwenye mastoidi pana yenye vyumba vingi vya hewa na ugonjwa mdogo, ambaye ana miaka mingi ya kuogelea na kuishi mbele yake, humsukuma upande wa pili, ingawa kwa watoto ugonjwa una tabia mbaya ya kurudi.

Kuhusu usikivu, ambao ndio ndugu huuliza kwanza, tofauti ya njia hizi mbili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Cha maana zaidi ni kama kikuku, kile kifupa cha mwisho, kimesalia au kimeliwa.

Baada ya ugonjwa, mgonjwa mwenyewe. Hapa ndipo msomaji wako alipokosea, na ndipo ninapoomba asomwe kwa huruma kwa sababu hakuna aliyemweleza. Ukuta ukiachwa, ugonjwa hubaki au hurudi mara nyingi zaidi kuliko ukiondolewa. Hilo limeandikwa na mabingwa wa kambi zote mbili. Chembe ya ngozi iliyosahaulika nyuma ya ukuta hukua polepole gizani, ngoma mpya ikiwa safi na nyeupe, mgonjwa hana usaha wala maumivu. Kwa sababu hiyo daktari anayeuacha ukuta humpangia mgonjwa upasuaji wa pili wa kukagua, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18, au kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku, cha aina maalumu kinachoweza kuitambua ngozi hiyo, ijapokuwa lulu, yaani kijidonge cheupe cha ngozi hiyo, iliyo ndogo kuliko milimita 3 hivi inaweza kukikwepa. Upasuaji wa pili ni sehemu ya upasuaji wa kwanza. Asiyeweza kuupata hajafanyiwa upasuaji wa kuacha ukuta. Amefanyiwa nusu yake.

Namkumbuka mama mmoja wa upande wa Manyoni. Alipasuliwa katika hospitali ambayo sitaitaja, ukuta ukaachwa, kazi ikafanywa kwa ustadi na kovu lake nyuma ya sikio huwezi kuliona. Aliambiwa arudi baada ya mwaka. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, mtama ukakauka shambani, na nauli ya watu wawili pamoja na kulala mjini ilikuwa sawa na mbuzi ambaye alikwisha kuuzwa. Mwaka uliofuata binti yake alijifungua. Sikio lilikuwa kavu, na mtu mwenye sikio kavu hauzi mbuzi kwenda kulionyesha. Alirudi mwaka wa nne, mdomo umevutwa upande na jicho linatiririka machozi. Tulipofungua, ngozi ilikuwa imejaa nyuma ya ule ukuta mzuri mpaka kwenye neva. Ukuta uliondolewa siku hiyo, na uso wake ulirejea kwa sehemu tu.

Nikamlinganishe na kijana mfugaji wa upande wa Chemba, ambaye ukuta wake ulishushwa tangu mwanzo. Naye hakurudi, miaka mitatu. Alipokuja, pango la sikio lilikuwa limejaa nta, mabaki ya ngozi na, wasomaji waniwie radhi, funza, kwa kuwa nzi wa zizini hawakukosa mlango. Daktari aliliwashia taa, akaliona lote kwa jicho kutoka dari hadi sakafu, akafyonza na kusafisha, akamrudisha mara tatu zaidi, na sikio likakauka bila kisu. Wote wawili walikosa kliniki kwa sababu zile zile. Wa kwanza aliachwa na ugonjwa uliojificha, wa pili aliachwa na uchafu unaoonekana. Ninapoambiwa kwamba tundu pana ni upasuaji wa wanyonge, humkumbuka mama yule.

Wala sitaki nionekane ninalisifu pango. Lina gharama zake, na hulipwa maisha yote. Ngozi yake haijisafishi kama njia ya kawaida ya sikio, hivyo linahitaji kusafishwa kila baada ya miezi 6 hadi mwaka, kwa wengine mara nyingi zaidi. Maji yakiingia huufufua usaha. Maji ya baridi, na hata upepo wa baridi, hufika karibu na ule mfereji wa usawa na kuyachezesha maji yaliyomo, mtu akapata kizunguzungu cha ghafla. Nimemwona dereva wa bodaboda aliyeanguka kwa ajili hiyo mwezi Julai, upepo wa Dodoma unapovuma asubuhi, kabla hajajifunza kuziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini. Tena yapo mapango yanayotoa usaha siku zote kwa kosa la upasuaji wenyewe: ukuta uliachwa juu ya kiwango kinachotakiwa, mlango wa nje haukupanuliwa, ncha ya chini ya mastoidi ikabaki kama kisima, au ngoma haikuzibwa na ute wa sikio la kati ukaendelea kupanda. Aliyepata pango la namna hiyo ana haki ya kulalamika, na dawa yake mara nyingi ni kurudiwa, si matone zaidi.

Ipo pia njia ya kuushusha ukuta kisha kulijaza pango kwa unga wa mfupa, gegedu au msuli ili lisibaki kubwa, na ipo ya kufanya kazi yote kupitia njia ya sikio kwa kamera nyembamba pale ugonjwa usipofika mbali. Zote ni nzuri mikononi mwa anayezijua, lakini ujazo unaweza kuufukia ugonjwa uliosalia, na hapo tunarudi kwenye lile lile la kuweza kumpata mgonjwa tena.

Alipopatia msomaji wako ni hapa: mdogo wake hakuulizwa chochote. Alisaini karatasi ya ridhaa iliyosema upasuaji wa sikio, akaamka na tundu. Nimeshuhudia hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na siku nyingine mimi ndiye niliyeishika kalamu wakati mgonjwa anasaini. Daktari anayetaka kuchagua kati ya njia hizi mbili anapaswa kujua kama mgonjwa anavua samaki Mtera au analima majaruba ya mpunga Bahi, kama ana simu inayopatikana, kama anakaa Area C au Kwa Mtoro, na nani atamsindikiza. Hayo hayapo kwenye picha ya CT. Treni ya mwendokasi imetufikia tangu mwaka 2024 na Dar es Salaam imekuwa karibu, lakini haipiti Kwa Mtoro, na kwa wagonjwa wengi safari ngumu ni ile ya kutoka kijijini hadi barabara ya lami.

Na akishashusha ukuta kwa sababu mgonjwa anaishi mbali, hospitali haiwezi kunawa mikono hapo. Ukisema huyu hawezi kurudi kwetu, basi umekwisha kusema kwamba lazima awepo wa kumsafisha karibu na kwao. Kusafisha pango hakuhitaji bingwa kila mara. Kunahitaji taa ya kichwani, mashine ndogo ya kufyonza, kulabu nyembamba, na afisa tabibu au muuguzi aliyefundishwa kwa majuma machache na bingwa aliye tayari kupigiwa simu. Hospitali za wilaya zinaweza kuwa na hayo yote. Ninapoona Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 ikijadiliwa, natamani wanaopanga vifurushi wakumbuke kwamba mahudhurio ya kusafishwa sikio, ambayo kwenye karatasi yanaonekana madogo, ndiyo yanayoamua kama fedha iliyotumika chumba cha upasuaji ilikuwa na faida.

Jambo la mwisho ni kadi ya mgonjwa anaporuhusiwa. Nyingi nilizopokea zilikuwa na neno moja, mastoidi, na tarehe. Anayesafisha sikio wilayani anahitaji kujua kama ukuta umeachwa au umeshushwa, kama neva ya uso ilikutwa uchi na upande gani, kama mfereji wa usawa ulitoboka, kama dari ilikuwa wazi, na kama kikuku kipo. Asipojua, anaweza kupeleka kifyonzeo mahali ambapo mgonjwa atapata kizunguzungu cha kutapika au misuli ya uso wake itapooza. Mistari mitano ya Kiswahili kinachosomeka inatosha, pamoja na namba ya simu ya kliniki.

Kijana wa Chemba bado anahudhuria. Alinipitia Kongwa baada ya mavuno, kadi yake ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, akitaka nimweleze maneno ambayo safari hii daktari alikuwa ameyaandika kwa urefu. Tulisoma wote wawili: ukuta umeshushwa, neva imefunikwa, kikuku hakipo, arudi baada ya miezi 6. Akauliza kama anaweza kuogelea bwawani Hombolo. Nikamwambia aoge, lakini asizamishe kichwa, na pamba isikose vaselini.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Kongwa, Dodoma